Kukariri Maana ya Nenosiri Si Kuelewa Usalama wa Mtandao

Hebu soma swali hili: "Eleza maana ya usalama wa mtandao, kisha taja njia tatu za kulinda taarifa." Mwanafunzi aliyekariri daftari lake anazoa alama zote. Lakini je, akitapeliwa jioni ile ile, ule mtihani ulikuwa umetuambia nini? Ulipima kumbukumbu tu.

Wanafizikia waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake, huko Marekani, walichapisha mtihani wa kuchagua majibu kuhusu dhana ya kani. Majibu yasiyo sahihi hayakutungwa hivi hivi: yalibeba imani potofu walizo nazo wanafunzi wenyewe. Ikaonekana mtu anaweza kukokotoa vizuri huku bado anaamini kwamba kitu hakiendelei kwenda bila kusukumwa.

Baadaye Alan Sherman wa Maryland, Geoffrey Herman wa Illinois na wenzao wakaleta wazo hilo kwenye usalama wa mtandao. Waliwapa wanafunzi visa na kuwasikiliza wakifikiri kwa sauti. Kisa kimoja: mfanyakazi anapata baruapepe, inaonekana imetoka kwa bosi wake aliye safarini. Mzigo umepotea, naomba nitumie nyaraka. Afanyeje? Kosa mojawapo walilolikuta kwa wanafunzi ni kuchanganya kusimba ujumbe, yaani kuugeuza usisomeke na asiye na ufunguo, na kuthibitisha unaongea na nani. Sasa fikiria: ukimsimbia tapeli nyaraka na ufunguo ukampa, umemfikishia mzigo salama kabisa! Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mtihani wa maswali 25.

Mbinu hiyo naikubali. Ninachokataa ni kuubeba mtihani wenyewe kama ulivyo hadi Ngara na Biharamulo. Kwanza, ulitungwa kwa wanafunzi wa chuo. Pili, kuna lugha. Mtoto wa Ngara anaweza kuongea Kihangaza au Kishubi nyumbani, akasoma msingi kwa Kiswahili, halafu sekondari akakutana na Kiingereza. Akikosa swali, utajuaje kama hakuelewa usalama au hakuelewa sentensi? Tatu, mkulima wa Lusahunga hana bosi wa kumwandikia baruapepe. Ana simu, ana pesa ndani yake, na ana mtoto bweni.

Kwa hiyo mifupa ya kisa tuibakize, nyama tubadilishe. Tuseme mzazi anapata ujumbe huu: "Mimi ni mwalimu wa zamu, mwanao anaumwa, tuko hospitali. Tuma 40,000 kwa namba hii." Afanye nini?

A. Atume, kwa kuwa laini zimesajiliwa kwa alama za vidole.
B. Aanze kutuma, jina la mtu likitokea, amalizie.
C. Aipigie namba iliyotuma ujumbe ahakikishe.
D. Aipigie shule kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani.

Angalia kila kosa linavyosema jambo lake. Anayechagua A anadhani usajili ni dhamana ya uaminifu. Ni kweli Januari 20, 2020 ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili laini kwa alama za vidole, ila alama ya kidole haisemi mtu ni mkweli. Wa B hajui kwamba jina linalotokea ni la aliyesajili laini tu, si uthibitisho kuwa ni mwalimu. Wa C ndiye wa kuangaliwa zaidi: ameshtuka, anataka kuhakiki, lakini anamwuliza tapeli kama yeye ni tapeli. Ni D pekee anayetumia njia ambayo mshambuliaji haimiliki.

Mwalimu akiona nusu ya darasa imechagua C, anajua kesho afundishe nini. Lile swali la "taja njia tatu" halimpi faida hiyo. Mimi ningeongeza mstari mmoja chini: "Kwa nini?" Maana D hupatikana hata kwa kubahatisha.

Mtihani huu nao una mpaka. Kuelewa si kutenda. Mzazi anaweza kujua D ni sahihi, lakini hana salio, au shule haikuwahi kumpa namba. Hapo anayefeli si mwanafunzi. Ni sisi tuliompa elimu bila kumpa njia ya kuitumia. Na kuripoti ujumbe wa kitapeli kwa TCRA kupitia 15040 ni vizuri, ila hela iliyokwisha kwenda ni shughuli nyingine.

Kama wewe ni mwalimu au mwanachuo wa pande hizo, usianze kwa kutunga maswali. Waketishe wanafunzi wachache, wape kisa kwa Kiswahili, nyamaza, sikiliza wanavyokosea. Majibu ya mtihani mzuri yatatoka midomoni mwao.