Athari ya Joy Division katika Muziki wa Awali wa U2: Bendi au Mtayarishaji?

Ni jambo la kawaida katika uhakiki wa muziki uliofuata panki kudai kwamba U2 ya Dublin, katika miaka yake ya mwanzo, iliathiriwa na Joy Division ya Manchester. Sehemu hii haiipingi kauli hiyo. Inauliza athari hiyo inasikika wapi hasa, na kama ni ya bendi au ya mtayarishaji.

Kielelezo kilicho karibu zaidi ni wimbo wa U2 “11 O'Clock Tick Tock”, uliotolewa Mei 1980. Ngoma zake zinasikika kwa mbali, kana kwamba zinapigwa katika ukumbi mtupu, sawa na zile za albamu ya Joy Division, *Unknown Pleasures* (1979). Hata hivyo, kazi zote mbili zilitayarishwa na Martin Hannett. Ufanano huo, basi, unaweza kuwa alama ya mkono wake tu, wala hauthibitishi kwamba bendi moja iliifunza nyingine.

Kipimo kizuri zaidi ni *Boy*, albamu ya kwanza ya U2, iliyotoka Oktoba 1980 chini ya Steve Lillywhite. Mwangwi wa ngoma bado upo, lakini huo nao una mtayarishaji wake. Kinachobaki baada ya kuwaondoa watayarishaji wote wawili ni mgawanyo wa kazi baina ya ala. Katika Joy Division, gitaa la besi la Peter Hook hupanda juu na kubeba melodia, huku gitaa la Bernard Sumner likiingia na kutoka. Katika *Boy*, besi ya Adam Clayton hushikilia msingi, na melodia hubebwa na gitaa la The Edge kwa vifungu vifupi vinavyojirudia ndani ya mwangwi.

Kanuni ni moja: ala moja huimba sambamba na mwimbaji, na nyingine huiachia nafasi. Kilichobadilika ni ala iliyopewa jukumu hilo. Sauti nazo zinatofautiana: ya Ian Curtis ni nzito na hujielekeza ndani, ya Bono hupaa kuwaelekea wasikilizaji.

Kwa hiyo, sehemu hii inashikilia kwamba athari ya Joy Division inasikika kwa uhakika zaidi katika *Boy*, ambako haifanani sana na chanzo chake, kuliko katika wimbo wa Hannett unaofanana nacho mno. Mhakiki anayetegemea ufanano wa sauti pekee atamhesabia mwanamuziki kazi ya mtayarishaji.