Alama za Michezo na Hukumu ya Michezo

Msomaji, michezo ya video si jambo dogo tena duniani, wala si mambo ya watoto peke yao. Mchezo mmoja mkubwa hutungwa kwa miaka kadha wa kadha na mamia ya watu: wachoraji, watunga hadithi, wapigaji muziki na mafundi wa kompyuta. Bei yake ni ya kumfanya mzazi wa kawaida katika nchi yetu akumbuke karo kabla ya kufungua mkoba. Kwa hiyo ni haki kijana aulize kwanza, Je, mchezo huu ni mzuri? Wenye kulijibu swali hilo ni wengi, na shabaha ya insha hii ni kuyapima majibu yao.

Jibu lililo mashuhuri kuliko yote ni tarakimu. Tangu mwaka 2001 ipo tovuti iitwayo Metacritic ambayo hukusanya maoni ya wahakiki, ikayageuza kila moja kuwa alama katika 100, kisha ikatoa wastani. Wastani huo si wa sawasawa: baadhi ya wahakiki wamepewa uzito kuliko wenzao, na kiasi cha uzito huo hakitangazwi. Kando yake ziko alama za wachezaji wenyewe, nazo hutolewa katika 10. Humo ndimo zitokamo orodha nyingi za michezo bora ya mwaka ambazo vijana hubishana juu yake.

Mimi ni mwalimu, na kutoa alama ni riziki yangu. Insha ya mtihani hupimwa kwa alama 20. Niipapo insha hii 13 na ile 12, sina mkononi mizani ya sonara. Yamkini kama ningezisoma asubuhi badala ya usiku zingebadilishana nafasi. Ndiyo sababu katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuwa alama isiyo na maneno pembeni ni nusu ya kazi. Mwanafunzi hawezi kujirekebisha kwa 12. Hujirekebisha akiambiwa kuwa aya yake ya pili imeiacha mada. Hayo juu ya karatasi ya darasani. Sasa fikiri alama hiyo imefungiwa mshahara wa watu.

Jambo hilo lilitukia. Mwaka 2010 kampuni ya Obsidian ya Marekani ilitunga mchezo uitwao Fallout: New Vegas kwa ajili ya kampuni ya Bethesda. Mwaka 2012 mmoja wa wakubwa wa Obsidian, Chris Avellone, alieleza hadharani kuwa walilipwa ujira wa mkataba tu, na kwamba wangepata bahashishi endapo mchezo ungefikia alama 85 katika Metacritic. Ulipata 84. Hapana mhakiki aliyekusudia kuwanyima watu wale haki yao. Kila mmoja aliandika neno lake, na kikokotoo kikafanya kazi yake. Lakini ni nani awezaye kusimama mbele ya hadithi ndefu kama ile akasema ilipungukiwa na sehemu moja ya mia, wala si mbili, wala si sifuri? Wapenzi wengi wa michezo ya jamii hiyo hata leo huuhesabu kuwa miongoni mwa iliyo bora kabisa.

Ubaya wa pili wa tarakimu ni kwamba haisemi shahidi alisimama wapi alipoona. Tazama mambo yaliyoupata mchezo wa Cyberpunk 2077, kazi ya kampuni ya CD Projekt Red ya nchi ya Poland. Ulitangazwa mwaka 2012, na kwa miaka minane habari zake zilikuwa ahadi juu ya ahadi. Ulipokaribia kutoka, wahakiki walipewa nakala ya kompyuta peke yake, na katika hukumu zao za kwanza hawakuruhusiwa kuonyesha picha walizozichukua wenyewe, ila zile walizopewa na kampuni. Alama zikapanda hadi 90 na kuzidi. Siku ya 10 Desemba 2020 mchezo ukafika madukani. Wenye kompyuta zenye nguvu waliona mji mkubwa uwakao taa, na hadithi ya kushika moyo. Wenye mitambo ya zamani, PlayStation 4 na Xbox One, waliona picha zilizofifia, mwendo wa kukwamakwama, na mchezo uzimikao ghafula katikati ya safari. Kabla ya siku kumi kupita Sony iliuondoa katika duka lake la PlayStation na kuahidi kurudisha fedha za wanunuzi. Haukurudi humo mpaka Juni 2021.

Je, wahakiki walisema uongo? La. Wengine waliandika wazi kuwa wameona nakala ya kompyuta tu. Lakini onyo hilo lilikuwa katika maneno, na tarakimu ilipotoka kwenda zake mjini haikulichukua. Aliyeisoma tarakimu peke yake akanunua alichokosa kukiona. Nao mchezo haukubaki vile ulivyokuwa: ulitengenezwa mwaka baada ya mwaka, hata mwezi Desemba 2023, katika sherehe ya The Game Awards, ulipewa tuzo ya mchezo bora unaoendelezwa. Alama za mwaka 2020 ni za kitu ambacho leo hakipo.

Pengine utasema, basi tuwaache wahakiki, tuwasikilize wachezaji, maana wao ndio watoao fedha. Rai hiyo ina ukweli, ila ina mashimo. Mchezo wa The Last of Us Part II ulitoka siku ya 19 Juni 2020. Kuumaliza kwahitaji saa zisizopungua 20. Hata hivyo siku ile ile ya kwanza maelfu ya watu walikwisha utolea alama, na wastani wa wachezaji ukashuka chini ya 4 katika 10, hali ule wa wahakiki ulikuwa 93 katika 100. Sehemu za hadithi zilikuwa zimevuja tangu Aprili, na wengi walikuja na hasira waliyoiweka akiba. Mwezi uliofuata Metacritic iliweka sharti kuwa mchezaji asubiri saa 36 baada ya mchezo kutoka ndipo atoe maoni. Nami husema hizo ni chache. Kitabu cha kurasa 300 hatukihukumu kwa jalada na uvumi.

Usidhani, lakini, kwamba wingi wa wachezaji hukosea daima. Mwezi Mei 2024 Sony ilitangaza kuwa wanaocheza Helldivers 2 kwa kompyuta watalazimishwa kujiandikisha katika mtandao wake wa PlayStation. Nchi nyingi hazikuwamo katika orodha ya mtandao huo, na Kenya ni mojawapo. Watu walikuwa wamekwisha kununua kwa fedha halali kitu ambacho sasa walielekea kufungiwa nje yake. Katika siku chache maoni mabaya zaidi ya 200,000 yaliandikwa katika duka la Steam, na Sony ikalifuta sharti lake. Huo haukuwa uhakiki. Yalikuwa malalamiko ya mnunuzi, tena ya haki, yaliyopita katika mlango wa uhakiki kwa kuwa mlango mwingine haukuwa wazi. Msomaji mwenye busara hatayachanganya mawili hayo: wale 200,000 hawakuwa wakisema kuwa mchezo ni mbaya.

Katika duka hilo la Steam kuna desturi moja ndogo niipendayo. Kando ya kila maoni huandikwa saa ambazo mwenye kuyatoa ameucheza mchezo. Huyu amecheza saa moja na nusu, yule saa 400. Hapo msomaji aweza kumuuliza shahidi alikaa muda gani, kama wazee wa baraza waulizavyo. Tena si kila aliyekaa sana ndiye mkweli. Aliyetoka baada ya saa moja kwa sababu maandishi ni madogo mno kusomeka amesema jambo ambalo mwenye saa 400 amekwisha lisahau.

Na hilo lanirudisha kwa The Last of Us Part II. Mchezo huo una njia zaidi ya 60 za kuwasaidia wachezaji wenye ulemavu: sauti ya kusoma maandishi, milio ya kumwongoza mtu mahali pa kupita, rangi zilizoachana sana kwa mwenye macho dhaifu. Wako wachezaji wasioona vema walioandika kuwa waliufikisha mwisho wenyewe, bila mtu wa kuwashikia mkono, wakaeleza ni msaada upi uliowafaa na ni wapi walipokwama. Maelezo yao yalikuwa ya kurasa chache tu. Kijana mwenye macho mabovu, anayetaka kujua kama fedha zake zitapotea, ataanza na kurasa hizo.