Kivuli cha Ujiji

Huku Kigoma, kutoka Gungu hadi Ujiji si mbali. Mwembe uliowafunika wasafiri Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871 ulishakufa zamani. Miembe iliyopo leo inaelezwa kuwa ilibebeshwa kutoka kwake. Kazi hiyo inataka mkono mtulivu: kijiti hukatwa mshazari, hulazwa kwenye mche, ganda kwa ganda, kikafungwa barabara, kisha mtu akasubiri miaka. Baada ya wabebeshaji wakaja wafagiaji. Majani ya mwembe hayana likizo. Ukifagia asubuhi, jioni yamerudi. Vumbi nalo hurudi kwenye mnara wa kumbukumbu ya mkutano huo, likafutwa tena. Mgeni hupiga picha mti na jiwe, akaondoka. Kivuli alichopumzikia ni jasho la watu. Nasi sote tuna deni kwao.