Zilipendwa na Nani? Vipindi vya Nyimbo za Kale Redioni na Umri wa Wasikilizaji

Jina la kipindi cha redio ni ahadi kwa msikilizaji, na ahadi iliyomo katika neno zilipendwa ina upungufu unaostahili kuangaliwa. Kwa sarufi, neno hili ni sentensi kamili: kiambishi cha ngeli ya nyimbo, wakati uliopita, na kitenzi katika kauli ya kutendwa. Nchini Kenya husemwa zaidi zilizopendwa, umbo lenye kirejeshi, ambalo kwa hiyo laelekea kuwa sifa ya kitu. Tanzania ilikiacha kirejeshi, na sentensi ikageuka jina. Katika maumbo yote mawili mtenda hatajwi. Mradi wapenzi wenyewe walikuwa wamekaa mbele ya redio zao, hapakuwa na haja ya kuwataja. Leo haja ipo.

Vipindi hivi vilipata rutuba yake katika Redio Tanzania Dar es Salaam. Mpaka Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo vya watu binafsi, Tanzania Bara haikuwa na sauti nyingine ya kushindana nayo. Bendi kama Cuban Marimba ya Morogoro na NUTA Jazz zilirekodi kwake, na kanda zikabaki mikononi mwa kituo. Hivyo msikilizaji wa Kigoma na yule wa Mtwara waliujua wimbo uleule, pengine usiku uleule. Hawakuchagua, walirithishwa. Radio One ilipoanza mwaka 1994, na nyingine zikafuata, kila kituo kilianza kujitafutia rika lake, na urithi wa wote ukawa mali ya wazee.

Wazee hao ni wachache. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku hiyo alikuwa amekwisha kupita 60 sensa ya Tanzania ilipofanyika mwaka 2022. Sensa hiyo ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Kati yao, zaidi ya wanne katika kila kumi hawajatimiza miaka 15, na wenye miaka 60 na kuendelea hawafiki mmoja katika kila kumi. Mtangazaji wa biashara aonaye hesabu hii hahitaji mwalimu wa kumweleza ampelekee nani tangazo lake.

Wamarekani waliyaona haya mapema. Kituo cha WCBS-FM cha New York kilishika njia ya nyimbo za kale mwaka 1972, kikaifuata zaidi ya miaka 30. Tarehe 3 Juni 2005 kiliziacha ghafla, si kwa kukosa wasikilizaji, bali kwa sababu wasikilizaji wake walikuwa wamezeeka kupita umri wa miaka 25 hadi 54 ambao wenye matangazo huulipia. Wasikilizaji walilalamika sana, na tarehe 12 Julai 2007 nyimbo zikarejeshwa. Lakini hazikurudi zote: zile za miaka ya 1950 zilipungua mno, na za miaka ya 1970 na 1980 zikachukua nafasi. Kipindi kiliokoka kwa kuwatupa waliokuwa wa kwanza kupendwa.

Je, dawa hiyo yafaa Dar es Salaam? Imekwisha kuanza kutumika, kwa kuwa Bongo Fleva ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 nayo sasa huitwa zilipendwa. Walakini hali hazilingani. New York ikiacha kuupiga wimbo, sahani zake zingali madukani na majumbani. Nyimbo nyingi zilizorekodiwa na Redio Tanzania hazikupata kutolewa kwa sahani hata kidogo. Wimbo wa namna hiyo ukiondolewa hewani hauna mahali pengine pa kusikika.

Na kosa si la umri peke yake. Muziki wa dansi wa Tanzania ulisikilizwa kama utungaji: watu waliyafuata maneno, wakabishana juu ya maana yake, wakayachukua katika mazungumzo yao. Kipindi cha kawaida cha leo hakilishughulikii hili. Mtangazaji hutaja wimbo na bendi, husoma salamu, huendelea. Mtunzi hatajwi, mwaka hautajwi. Kijana husikia NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma, akadhani ni bendi nne. Wala haambiwi kwamba ni bendi moja, iliyoanzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, ikabadili jina kila chama kilipobadili lake. Maelezo ya nusu dakika yangempa historia ya nchi yake. Badala yake hupewa majina matupu, na lawama huwekwa juu ya ladha yake.

Lugha yenyewe imekwisha kutoa hukumu. Mitaani, zilipendwa ni mpenzi aliyeachwa, au jambo lolote lililopitwa na wakati. Mwaka 2017 wasanii wa WCB Wasafi walitoa wimbo wa jina hilohilo kwa maana hiyo ya mzaha. Kauli ya kutendwa katika wakati uliopita imezaa tunda lake: kilichopendwa hakipendwi tena. Kuna kituo gani kitakachomvuta kijana kwa neno ambalo yeye hulitumia kumtaja aliyemwacha?

Kubadili jina ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuandika, kwa kila kanda, mtunzi, mwimbaji, mwaka na maana ya maneno yaliyokwisha kufifia. Wanaoweza kuyasema hayo kwa kusikia tu, bila kusoma jalada, ni wanamuziki na watangazaji wa enzi ile, na wao wamo katika ile sehemu ndogo ya sensa isiyofika mmoja katika kila kumi.