Ufundi wa Kupanga Mapumziko ya Vuli katika Milima ya Uskoti

Mapumziko ya vuli katika Nyanda za Juu za Uskoti hufana au huharibika kabla msafiri hajafunga mzigo. Milima ya huko si mirefu: Ben Nevis, unaoizidi yote nchini Uingereza, una mita 1,345. Lakini miamba yake ni mikali, upepo huvuma kutoka Bahari ya Atlantiki, na jua, mvua na ukungu huweza kupokezana ndani ya asubuhi moja. Mahali kama hapo, jioni tulivu kando ya moto haiji kwa bahati. Huandaliwa na mtu aliyekaa na ramani, kalenda na ratiba za usafiri, akapima kila jambo bila haraka. Kazi hiyo ni ufundi kamili, na sehemu yake ngumu zaidi ni kujua cha kuacha.

Fundi huanza na kalenda. Mwishoni mwa Septemba usubi, wanaowatesa wageni wakati wa kiangazi, huanza kutoweka. Oktoba majani ya miti hugeuka manjano na rangi ya shaba, na madume ya kulungu wekundu hunguruma mabondeni wakigombea majike. Wakati huohuo mchana hupungua kwa zaidi ya dakika nne kila siku. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na baada ya hapo jua la mji wa Fort William huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Aliyekulia karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hana budi kujifunza kuuhesabu mwanga kama akiba inayopungua. Nusu ya kwanza ya Oktoba ni chaguo la busara: rangi zimeshaingia, na mchana bado una zaidi ya saa kumi.

Baada ya kalenda huja ramani. Milima ya magharibi ndiyo inayopokea kwanza mawingu ya bahari, na baadhi yake hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Sehemu kadhaa za pwani ya mashariki hazifikishi 800. Anayetaka mabonde yenye kuta kali za mawe kama Glencoe atakwenda magharibi na kuukubali unyevu wake. Anayetaka matembezi marefu katika misitu ya misonobari ataelekea mashariki, upande wa milima ya Cairngorms. Kujaribu kuzunguka pande zote mbili ndani ya siku chache ni kuyageuza mapumziko kuwa safari ya gari.

Njia ya kufika nayo huamua mengi. Barabara nyingi za mabondeni ni nyembamba, zina njia moja na sehemu za kupishania, kwa hiyo umbali mfupi kwenye ramani huweza kula muda mrefu. Reli ya Fort William, iliyofunguliwa mwaka 1894, hukatiza Rannoch Moor, kinamasi ambacho wajenzi walipitisha reli juu yake kwa kutandika matawi na udongo. Katika njia hiyo, kituo cha Corrour hakifikiwi kwa barabara yoyote ya umma. Treni ya usiku kutoka London humwezesha msafiri kulala mjini na kuamka akiwa katikati ya milima.

Nyumba ichaguliwe kwa maswali ya kawaida kabisa. Je, kuni ni kavu? Kuna mahali pa kuanikia viatu na makoti yaliyolowa? Duka la karibu hufungwa lini? Oktoba ikiisha, nyumba nyingi za wageni na mikahawa hufunga au hupunguza saa za kazi, hivyo chakula cha siku mbili za kwanza kinunuliwe njiani. Samaki wa kukaushwa kwa moshi, viazi, vitunguu na maziwa hutosha kupika supu ya Cullen skink, chakula cha Uskoti kinachoutuliza mwili uliotoka kwenye baridi.

Kisha hupangwa matembezi. Mwaka 1892 mpanda milima William Naismith alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila maili tatu, yaani karibu kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000, karibu mita 600, za kupanda. Njia ya kilomita 15 yenye mpando wa mita 900 huhitaji saa nne na nusu bila kupumzika. Mpangaji makini huongeza muda wa mapumziko, hutoa jumla hiyo kwenye mwanga uliopo, kisha huandika saa ya kugeuka hata kama kilele hakijafikiwa. Hukumbuka pia kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi sita kila mita 1,000. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 humpa kila mtu haki ya kutembea kwa kuwajibika, na katika msimu wa kuwinda kulungu uwajibikaji huo ni pamoja na kuulizia mapema wawindaji wako upande gani.

Orodha ya mpanda milima Hugh Munro ya mwaka 1891, ambayo leo ina milima 282 inayozidi futi 3,000, huwatia wengi tamaa ya kukusanya vilele. Lakini mpango wa mapumziko huhitaji nafasi, kama nguo iliyoachiwa pindo la kutosha. Katika siku tano, mbili ziwe za mlimani, moja ya bondeni, na mbili zisipangiwe kitu. Siku hizo hubadilishana nafasi kwa kufuata utabiri wa kila jioni, ili mvua ikimkuta msafiri imkute siku isiyokuwa na ahadi. Mwisho, njia na saa ya kurudi huachwa kwa mtu wa kuaminika. Waokoaji wa milimani huko ni watu wa kujitolea, na kuwarahisishia kazi ni sehemu ya adabu ya mpangaji mzuri.