Pumzi ya Mtunzi: Utenzi na Mbio za Filbert Bayi

Uhakiki wetu umeridhika mno na methali isemayo kuwa haraka haraka haina baraka. Kwayo husifiwa kila utungo uendao polepole, hata ule uliolala. Nao vijana, kwa kuikimbia methali hiyo, hutunga beti tatu za kishindo na thelathini za kuchechemea. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosa kipimo.

Tutazame kwanza nje ya fasihi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Hakungoja mzunguko wa mwisho ndipo achomoke. Alishika mbele tangu mwanzo, na John Walker aliyemfukuza hadi utepeni naye alimaliza chini ya rekodi ya zamani. Miaka sita baadaye, huko Moscow, Bayi aliongoza vivyo hivyo katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mara hii Bronisław Malinowski wa Poland alimpita katika mzunguko wa mwisho, naye akapata medali ya fedha. Wenye methali watasema walijua. Mbona hawakujua Christchurch?

Utenzi ndio mbio ndefu za ushairi wetu. Kila kipande kina mizani 8, kila ubeti vipande 4, na kina cha bahari hakibadiliki tangu bismillahi hadi tamati. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, umepita beti 1,000 kwa kipimo hicho. Vita vinapopamba moto katika utenzi, mizani haiongezeki hata moja. Huongezeka vitendo ndani ya ubeti, msikilizaji akahema.

Nimesoma karibuni mswada wa utenzi wa beti 212 juu ya mvuvi. Beti 40 za mwanzo ni dhoruba tupu, na nakiri zilinitikisa. Lakini mtunzi alichagua bahari ya -mbi, kina kigumu. Wimbi, dhambi na vumbi vyote vilikwisha kutumika kabla ngalawa haijazama. Baada ya hapo ni vijazio tu: basi, hakika, nawambia. (Walipochagua kina chepesi kama -ya, watunzi wa kale hawakuwa wavivu, walikuwa wakiweka akiba ya pumzi.)

Hasara yenyewe si ya vina. Nduguye mvuvi anakufa katika ubeti wa 38. Yeye anaishi miaka 30 zaidi, akilea watoto wa marehemu, akishuka pwani kila alfajiri kwenye bahari ile ile. Miaka hiyo imepewa beti 6, na katika mbili kati ya hizo mtunzi anatuomba radhi kwa kuchoka.