Sifa za Chupa ya Ndimu

Kaa na watu wa pwani kwenye sinia la pilau, siku ya harusi au ya hitima, usubiri kidogo. Kabla tonge la tatu halijashuka, mmoja atauliza kachumbari iko wapi. Mwingine atasema pilau bila ndizi mbivu yeye haimpandi. Wa tatu atanyoosha mkono kutafuta pilipili, na mzee aliyekaa pembeni, ambaye mpaka hapo hajasema neno, ataomba aletewe achari. Hapo ubishi huanza, na kwa kuwa vinywa vimejaa wali, hukatika na kuanza upya mpaka sinia linabaki mifupa: katika vyote vinavyowekwa kando ya chakula, kipi hukipa ladha kuliko vingine?

Mimi niko upande wa mzee. Achari ya ndimu ndiyo ya kwanza, na zinazofuata zimeachwa mbali. Lakini wapinzani wake wana hoja zao, na haifai kuwapitisha kimya kimya.

Kwanza tuweke mipaka. Iliki, mdalasini, karafuu, bizari ya pilau na pilipili manga hazimo katika kesi hii. Hizo zimeingia chunguni, mpishi ameshakata shauri, na mlaji hana kauli tena. Ninachozungumzia ni kile kinachofika mezani kwenye kibakuli chake, kila mtu ajipimie. Hilo si jambo dogo mahali ambapo bibi mwenye presha, kijana asiyeshiba bila kutoka jasho na mtoto wa miaka minne wote wanakula sinia moja. Na chumvi nayo naitoa, ingawa kwa heshima. Chemchemi za chumvi za Uvinza, mkoani Kigoma, watu wamekuwa wakizichemsha kwa zaidi ya miaka 1,000, na biashara yake ilifika mbali kandokando ya Ziwa Tanganyika. Hata hivyo chumvi ni ya lazima, na kilicho cha lazima hakishindanishwi. Itarudi baadaye kwa mlango mwingine.

Pilipili ndiyo yenye mashabiki wenye kelele zaidi, basi tuanze nayo. Kwa hakika pilipili si ladha. Ulimi huonja chumvi, utamu, ukali wa ndimu, uchungu, na ule utamu mzito wa supu ya mifupa. Kapsaisini iliyomo ndani ya pilipili hupita njia nyingine kabisa: huamsha mishipa ya fahamu inayohisi moto, na ubongo ukaamini kwamba mdomo unaungua. Mwanasayansi wa Marekani David Julius alikitambua kipokezi cha moto huo mwaka 1997, na mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Ndege hawana habari na hayo. Huzila pilipili mbivu kwa raha zao na kutawanya mbegu kila waendako. Sisi tunaohangaika tukumbuke tu kwamba kapsaisini haiyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta, ndiyo maana gilasi nzima ya maji haisaidii kitu, na funda moja la maziwa au kijiko cha mchuzi wa nazi hutuliza.

Siidharau. Ilikuja kutoka Amerika baada ya safari za Columbus, mabaharia Wareno wakaisambaza katika bahari hii yetu, na leo nani anaweza kuila mihogo ya kukaanga pale Mama Ngina, Mombasa, bila pilipili? Ila mtazame muuzaji anavyofanya. Huupasua muhogo ungali wa moto, huunyunyizia chumvi na pilipili ya unga, kisha huukamulia nini? Ndimu. Bila hiyo ndimu ungebaki na moto mtupu.

Kachumbari ina haki ya kusifiwa kwa ubichi wake. Kitunguu kilichokatwa kikawa chembamba hata kisu kinaonekana upande wa pili, kikafikichwa kwa chumvi na kuoshwa ili ukali uondoke, kikakutana na nyanya, kotimiri na pilipili mbichi: kitu kizuri sana, kwa muda wa nusu saa. Baada ya hapo chumvi inaanza kazi yake. Huvuta maji kutoka kwenye nyanya, vitunguu hulegea, na chini ya bakuli hujaa mchuzi mwekundu usio na mwenyewe. Kila mpishi wa shughuli anajua kwamba kachumbari haitiwi chumvi mpaka wageni wameshanawa.

Chatne ya nazi nayo haivuki usiku. Ndani ya bakuli la urojo, Unguja, sina ugomvi nayo. Ukwaju ni mpinzani wa kweli. Mti wake ni wa Afrika hii hii, na ule uji wake mweusi, ukilowekwa, ukapitishwa kwenye chujio, ukachemshwa na pilipili na sukari kidogo, ukamwagiwa viazi karai, humfanya mtu alambe vidole mbele za watu. Kwa mishkaki ya ng'ombe iliyotoka kwenye makaa, ukwaju unashinda. Nalikubali hilo bila kulazimishwa. Ama ile sosi ya nyanya ya chupa, ambayo muuza chipsi humiminia sahani yote kabla hujajibu kama unaitaka, sioni sababu ya kuijadili.

Sasa achari. Chumvi ile ile iliyoiharibu kachumbari ndiyo inayoifanya achari. Ndimu ikianza kutoa maji ndipo safari yake imeanza.

Zichaguliwe ndimu za ngozi nyembamba, zilizokwisha kupiga manjano. Zenye ngozi nene hukaa na uchungu wake hata ufanyeje. Zioshwe, zifutwe moja moja kwa kitambaa, kisha zianikwe mpaka zisibaki na tone. Maji ya bomba ndiyo adui mkubwa wa achari. Yakiingia humo hupunguza nguvu ya chumvi na ya ndimu yenyewe, na nguvu hizo mbili ndizo zinazozuia kuoza. Kila ndimu ikatwe msalaba kutoka juu, lakini kisu kisifike kitakoni, vile vipande vinne viendelee kushikana. Mle ndani ishindiliwe chumvi ya mawe. Kisha zipangwe katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, zikandamizwe kwa mwiko mpaka zijitoe maji yake na kuzama ndani ya maji hayo. Inayoelea ndiyo inayoota ukungu. Na kifuniko kisiwe cha bati, kwani ukali wa ndimu ukisaidiana na chumvi hulila bati, na kutu huharibu chupa nzima.

Kinachofuata ni jua. Jua la kaskazi ndilo zuri, lile la Januari na Februari linalochoma tangu saa tatu asubuhi. Chupa hutoka jua likishaanza kuwaka na hurudi ndani magharibi, na kila siku hutikiswa. Kijani huenda kwanza. Huja manjano iliyofifia, halafu rangi hukolea polepole mpaka ikakaribia chai ya rangi, na maji ya chumvi yaliyokuwa mepesi hugeuka mazito, yakavutika kwenye kijiko. Uchungu wa ngozi haupotei. Hupoa tu, ukawa ladha badala ya adhabu.

Mama mkubwa wangu hahesabu siku. Huchukua kipande kimoja kwa kijiko kikavu cha mti, akakiweka kiganjani, akakibonyeza kwa kidole gumba. Ngozi ikirudi ilivyokuwa, chupa inarudi juani. Ikibaki na alama ya kidole, huinamisha kichwa kidogo na kwenda kutafuta viungo vyake: pilipili kichaa zilizotwangwa, manjano, uwatu uliokaangwa bila mafuta, punje za haradali, na kitunguu saumu. Nyumba ya pili watatia karoti, ya tatu watamwagia mafuta ya moto juu, na kila nyumba hufikiri jirani ameikosea. Ukimsogelea akiwa kazini atakuuliza, "Mkono wako una maji, mwanangu?" Ukisita tu kujibu, atakuambia ukakae barazani.

Watu wengine waliofika mahali pa mbali walifika kwa njia hiyo hiyo ya chumvi na subira. Waroma wa kale walichachusha samaki kwa chumvi juani, wakapata garum, na walikuwa wakiitia karibu katika kila chakula. Kwenye Avery Island, huko Louisiana, pilipili za Tabasco husagwa na chumvi na kulazwa katika mapipa ya mti kwa muda wa hadi miaka 3, na sosi yenyewe ilianza kutengenezwa mwaka 1868. Jamaa zetu wa Omani huzichemsha ndimu katika maji ya chumvi, wakazianika mpaka zikawa nyeusi, ngumu, nyepesi kuliko unavyotarajia, kisha wakazitia kwenye mchuzi wa nyama.

Achari za dukani hufupisha safari hii kwa siki. Siki huleta ukali kwa siku moja, lakini ngozi ya ndimu hubaki ngumu na yenye kinyongo, na rangi ile nyekundu sana iliyomo mimi si mwenye kuiamini.

Lakini kwa nini nasema inashinda, na si kwamba ina kazi kubwa tu? Kwa sababu kitu cha kando ya chakula kipimwe kwa kile ambacho chakula chenyewe hakina. Vyakula vyetu vya pwani ni vya mafuta na utamu: wali wa nazi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, biriani iliyojaa samli na vitunguu vya kukaanga. Vyote ni vizuri, na vyote huchosha ulimi baada ya matonge kumi. Pilipili huongeza moto juu ya mafuta hayo. Ukwaju huongeza ukali, lakini huja na utamu wake. Kipande cha achari, kidogo kuliko ukucha, huleta chumvi, ukali, moto na uchungu kwa pamoja. Uchungu ndio unaoamua kesi, kwa maana katika washindani wote hakuna mwingine aliyeuleta mezani. Huukata ule uzito, na tonge la kumi na moja likaonekana la kwanza.

Ndiyo maana chupa hizi husafiri. Zimefungwa kwa mifuko mitatu ya plastiki, zikavishwa kanga na kusokomezwa katikati ya nguo, zinakwenda Muscat, London na Toronto kwa watoto ambao wameshapata kila kitu huko ila hiki.

Hukumu yangu basi ni hii: biriani, wali wa nazi, mbaazi, samaki wa aina yoyote, achari ya ndimu. Mishkaki nimeshasema, tuuachie ukwaju. Chipsi kila mtu na lake. Na wewe unayekaa ghorofani usijitetee kwamba huna ua. Dirisha linalopigwa na jua la asubuhi linatosha. Ndimu zikishuka bei, nunua za chupa moja, ila ukaushe mikono kwanza.